Wa Tatu

Upepo wa kusini ukivuma, ofisi yetu ya Cedar Rapids
hujaa harufu ya nafaka iliyochomwa viwandani,
tamu kama uji uliosahauliwa jikoni.
Huu mwaka wa kumi na tisa naketi hapa.
Kazi yangu kudai.

Bima ikishamlipa aliyeumia kazini
mimi huuliza swali moja: nani mwingine?
Dereva aliyepita taa nyekundu. Fundi aliyeacha waya wazi.
Yule wa tatu, si mwajiri, si mwajiriwa,
aliyesimama kando ya ajali, mikono mfukoni.
Sheria inaniruhusu kuvaa viatu vya majeruhi
niende navyo hadi mlangoni kwa mkosaji.
Nimevivaa vingi.
Vya Delbert Zahradnik vilinibana.

Novemba, ghala la mahindi nje ya Vinton.
Mkanda ulikwama, kisha ukashtuka ukamnasa mkono wa koti.
Akavuta kamba ya dharura kama alivyofundishwa,
akavuta tena.
Mkanda haukusikia.
Ulimla mkono wa kushoto hadi juu ya kiwiko,
na ulipokwisha kushiba ukasimama wenyewe.

Tulilipa. Sijisifu, nasoma risiti:
helikopta, damu, upasuaji mara nne,
theluthi mbili za mshahara kila Ijumaa,
mkono wa bandia aliouweka kabatini
pamoja na viatu vya kuteleza barafuni.
Dola tisini na sita elfu.

Kisha nikaitafuta ile swichi.
Niliikuta ndani ya kopo la kahawa, rafuni kwa msimamizi,
imeshaandikiwa anwani, irudishwe kiwandani ikatengenezwe.
Jioni ile ile nikapeleka barua: isiguswe.
Mhandisi aliifungua mbele ya kamera.
Springi ya ndani ilikuwa fupi,
fupi kwa unene wa ukucha.

Kiwanda kule Ohio kilikana barua ya kwanza.
Kwa ya pili kikakohoa.
Kwa ya tatu kikauliza: kiasi gani?

Dawa ya deni ni kulipa, wakalipa:
laki mbili na elfu kumi.
Wakili akachukua theluthi yake, sabini.
Sisi tulidai tisini na sita,
tukakatwa theluthi kwa jasho la wakili,
tukabaki na sitini na nne.
Delbert sabini na sita.
Hesabu ilitoka sawa, hata senti haikupotea.
Nilipigiwa makofi kwenye kikao, nikaletewa keki.

Akanipigia Jumatatu. Hakufoka. Heri angefoka.
"Bi Kucera, hesabu nimeielewa.
Mtu halipwi mara mbili kwa jeraha moja, sawa.
Aliyekosa ndiye aliyelipa, sawa.
Ila karatasi hii inasema 'kilichorejeshwa' mara tano.
Kimerejeshwa nini?"

Nikamweleza kwamba ada ya bima ya ghala haitapanda,
kwamba wenzake hawatapunguzwa kazi kwa sababu yake.
Nikamweleza kwamba kiwanda kimeziita swichi zote,
za maghala thelathini na nane,
springi sasa inatengenezwa ndefu.
Hilo nililisema polepole, nikidhani ndilo jibu.

"Ndefu," akasema.
"Ndiyo."
"Vizuri."

Waliosema mkono mtupu haulambwi
walikuwa angalau na mkono wa kuutazama.
Faili lilikuwa wazi mbele yangu,
muhuri wa kulifungia umeshalowa wino.

Mbwa akabweka upande wa pili.
"Ngoja kidogo," akasema, "anataka kutoka."
Nikasikia simu ikilazwa mezani,
hatua, kitasa kikikataa, kitasa kikikubali,
upepo wa Iowa ukiingia ndani ya nyumba.
Kila jambo kwake sasa ni kwa zamu:
ama simu, ama mlango.

Nikangoja.